Maharage ya Jana

Mwaka ule mama yangu aliamua kwamba baba yangu ana nyumba ndogo. Sisemi alishuku. Aliamua. Na mama akishaamua jambo, usijisumbue kumletea ushahidi. Ataupokea, ataukunja vizuri, halafu ataukalia. Alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake kwenye sanduku, na mimi, mtoto pekee niliyekuwa bado nyumbani, nilikuwa katikati yao, napeleka ujumbe wa kununiana kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi.

Baba alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani: chumba kirefu chenye mlango wa bati wa kukunja, sakafu iliyojaa vumbi la mbao, na harufu ya gundi ambayo mpaka leo ikinipata popote pale nasimama kidogo. Mimi nilikaa dirishani kwenye cherehani, nikishona vitambaa vya kuvalisha viti. Kule nyuma alikuwepo fundi mwingine, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, tuliyemwita Sponji kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata sponji za kukalia. Alikata huku akiimba, na aliimba vibaya sana, Mungu amsamehe. Mbele kabisa, penye mwanga, baba alipiga magoti kwenye fremu ya kochi, mdomo umejaa misumari.

Ndiyo, mdomo. Mafundi wa zamani wa kazi ile ndivyo walivyofanya. Misumari yenyewe ni midogo, yenye kichwa kipana. Unatia konzi mdomoni, ulimi unaigeuza mmoja mmoja ili kichwa kitangulie, unausukuma katikati ya midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka, ta! umeshaingia kwenye mbao, na mkono wa pili haujakiachia kitambaa ulichokivuta. Baba alikuwa na kasi hiyo mpaka wapita njia walisimama kumtazama. Lakini sisi alitukataza katakata. Sponji alipewa kopo la kuwekea misumari yake, kama mwanafunzi.

"Nyie mtameza," baba alisema, maneno yakitoka yamepinda kwa kupita kati ya vyuma. "Ulimi wangu una macho. Wenu ni wa kuongelea tu."

Mchana tulikula pamoja. Mama alipika, mimi nikaenda kuchukua, tukalaza ubao juu ya stuli mbili, ikawa meza. Jamani, baba yangu alikuwa anakula! Alikula kwa haraka na kwa furaha, mabega mbele, anaongea, anacheka, anaomba chumvi, anaeleza kosa la mteja fulani, yote kwa wakati mmoja. Sponji alikuwa akimwambia, "Fundi, tafuna basi, chakula hakina miguu," na baba akajibu, "Kikikusubiri wewe kitapata miguu." Bakuli likirudi nyumbani tupu mama hakusema neno. Alilitazama ndani, akaliweka kwenye maji, na jioni hiyo nyumba nzima ilikuwa na amani. Ningepewa nafasi ya kurudia saa moja tu ya maisha yangu, nisingechagua harusi yangu, ningechagua saa ya kula pale karakana.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Baba akawa anakunywa maji kila baada ya tonge. Halafu akawa anasimama katikati ya mlo, ananyoosha mgongo, anainua kidevu, anajigonga kifuani kwa ngumi, anangoja. Tukimtazama anasema, "Kiungulia hiki." Mwenye duka la dawa jirani yetu akampa vidonge vya kutafuna, akavitafuna vyote, havikusaidia kitu. Mwishowe akawa hakai nasi kabisa. "Nyie kuleni, nina kona ya kumalizia hapa." Siku ya kwanza Sponji alifurahi, akala fungu la watu wawili. Siku zilizofuata naye akaanza kula polepole, anamwangalia baba kwa pembeni, na wimbo wake ukapungua.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Baba alirudi jioni, mama akapakua, baba akala vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

Kuna maneno ya kumwambia mwanamke aliyeshinda jikoni, na hilo si mojawapo.

"Umeshiba wapi?" mama akauliza.

"Nimeshiba tu."

"Hiyo 'tu' iko mtaa gani?"

Baba akatoka nje, eti anakwenda kuangalia bawaba ya geti. Bawaba ile ilikuwa nzima. Jioni moja baada ya nyingine alikwenda kuiangalia, mpaka mama akasema geti letu ndilo linalotunzwa kuliko yeye.

Halafu akaanza kulala sebuleni, kwenye kiti, amekaa wima. Alisema ni mgongo. Mama akasema sawa. Baadaye akawa halali hata hapo. Alisema kazi zimemzidi, analala karakana. Mama hakusema sawa tena, hakusema chochote, na ukimya wa mama ulikuwa kitu cha kukimbia. Na asubuhi moja, kabla baba hajahamia karakana, mama alikuwa amekuta foronya yake imeanikwa kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji. Baba alikuwa ameifua mwenyewe kabla hajatuamsha. Huyu ni mwanamume ambaye hajawahi kujua sabuni ya nyumba hii inakaa wapi! Mama aliishika ile foronya kwa vidole viwili, akaninyooshea.

"Nusa."

"Mama!"

"Nusa, nimesema. Unasikia nini?"

"Sabuni."

"Ahaa," akasema, kana kwamba nimetoa ushahidi mahakamani.

Tena alikuwa anakonda. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari wa kazini, moja, halafu jingine ndani zaidi. Mashavu yameingia, shingo imekuwa ndefu. Mimi niliogopa. Nilimwambia mama, "Mama, baba anakonda vibaya." Mama akanitazama kuanzia utosini hadi unyayoni kana kwamba mimi ndiye mjinga wa mji. "Anajipunguza," akasema. "Wanaume wakipata kitu kipya hujipunguza. Hanitazami mimi, anatazama kioo."

Sasa mtu wa kumtuhumu ilibidi apatikane, na akapatikana. Kulikuwa na mteja, mama mmoja mjane aliyeagiza kochi la watu watatu la kitambaa chenye maua makubwa mekundu. Sisi karakana tulimwita Mama Maua. Alikuwa mtu wa wasiwasi, haishi kupita kuangalia kochi lake kama limefikia wapi, anapapasa kila mshono, anauliza ua hili mbona limekatwa shingo. Alinichosha mimi, mshonaji. Lakini ubaya hakuwa nao. Siku moja ya baridi alikuja na chupa ya supu ya moto, ametuletea sote kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Sponji akakataa, alitaka kuacha nafasi ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na mshono mkononi. Baba akamiminiwa kikombe.

Siku hiyo hiyo, kwa sababu nilikuwa sijaenda kuchukua chakula, mama akakileta mwenyewe.

Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara na kitambaa chake kichwani, bakuli mkononi, na nikamwona baba kwa jicho jingine. Alikuwa amekaa juu ya lile kochi la maua, upande uliokwisha kuvalishwa, ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Supu ilikuwa inapita. Sikujua wakati ule kwa nini. Baadaye daktari alituambia kwamba vitu vyepesi vya moto huweza kupita pale ambapo wali na mkate vinagoma. Mimi niliona tu uso wa baba umetulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Mama Maua amesimama mbele yake na chupa, anauliza, "Nikuongeze?"

Mama aliingia. Akaweka bakuli kwenye ubao, taratibu kabisa.

"Endelea," akasema. "Usikatishwe."

Baba akainuka, kikombe bado mkononi. "Mama watoto, ni supu tu."

"Nimeona ni supu. Yangu ina nini?"

Mama Maua, maskini, akasema, "Karibu na wewe, dada, iko ya kutosha." Wee! Nilitamani cherehani inimeze. Mama akamwambia ahsante, ametosheka kwa siku ya leo, akageuka akaondoka. Aliporudi nyumbani ndipo alipolitoa sanduku juu ya kabati.

Kikao kilikuwa Jumapili alasiri. Mama alimwita kaka yake, yaani mjomba wangu, mtu anayependa kuendesha mazungumzo na anayekohoa kila kabla ya kusema. Upande wa baba alikuja shangazi, dada yake mkubwa, ambaye hakohoi. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa. Baba alikaa kwenye kile kiti chake, shati linamwelea, mikono magotini. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke, na hata angeniambia nisingetoka.

Mjomba akakohoa. "Shemeji, dada yangu ana malalamiko."

Akayataja mama, yote, bila kusahau hata foronya. Huli kwangu. Hulali kwangu. Unafua vitu vya kulalia kwa siri. Unajipunguza. Kwa mwingine unakunywa supu umefumba macho.

Shangazi hakungoja zamu. "Wifi, mdogo wangu namjua. Mtu anayevaa soksi mbili za rangi tofauti, ataweza nyumba mbili?"

"Labda nyingine iko kule," mama akasema.

"Nini?"

"Soksi."

Siku nyingine tungecheka wote. Mjomba akakohoa tena. "Shemeji, sema neno. Ukinyamaza hivi, mwenzako atachukua sanduku lake, na mimi sitakuwa na la kumzuia."

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Nilimkasirikia pale, ninasema kweli. Nilitaka nimshike mabega nimtikise. Mtu gani anaona mke wake anaondoka, ndoa ya miaka yote ile inakwenda na maji, na yeye anatazama zulia? Aliangalia sanduku, akaangalia mama, macho yamejaa, na bado hakusema.

Mama akainuka. Akaingia jikoni, akanipita kama sipo, akarudi na sahani: wali na nyama, kijiko juu. Akaiweka mapajani mwa baba.

"Mimi sitaki kiapo," akasema. "Kiapo kila mtu anaapa. Kula. Kula hiki mbele ya hawa watu, kama mtu mwenye njaa anayekula kwake, na mimi hili sanduku nalirudisha juu ya kabati, na hutanisikia tena. Hutaki, basi najua umeshiba wapi."

Baba aliitazama ile sahani. Kisha akashika kijiko.

Alikula. Tonge la kwanza, la pili, la tatu, anatafuna sana, anameza kwa kichwa chote, mishipa ya shingo imesimama. Hakuomba maji. Shangazi akaanza kutabasamu. Alipofika kama robo ya sahani nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso. Akanyoosha mgongo. Akainua kidevu. Akaongeza kijiko kingine, yaani mtu huyo anaona kabisa kimejaa na bado anaongeza, halafu macho yakamtoka, mkono ukaenda kifuani, na pumzi ikakata.

Mjomba alimpiga mgongoni. Shangazi akapiga kelele. Mama, yeye ndiye aliyekwenda kuleta beseni. Alikuwa amekasirika mpaka midomo imemkauka lakini miguu yake haikuuliza. Alimshika baba kichwa, akamwinamisha, na vyote vikarudi.

Baba alipata pumzi. Mama alikuwa bado amepiga magoti, beseni mikononi, anatazama ndani. Nilidhani ataliondoa. Hakuliondoa.

"Haya ni maharage," akasema.

"Dada, peleka nje hilo," mjomba akamwambia.

"Leo sijapika maharage. Nilipika jana. Yalikwenda karakana jana mchana." Akanigeukia. "Si wewe ulipeleka?"

"Ni mimi."

"Alikula?"

"Alikula kidogo, amesimama."

Akalinusa lile beseni, mama yangu, bila hata kukunja uso. Wala halikunuka uchachu wa kutapika. Wali ulikuwa vile vile alivyoupakua, na kati yake yalikuwa maharage ya jana, mengine mazima, hayajawahi kufika tumboni. Alimwinulia baba uso.

"Tangu jana mchana yamekaa wapi haya?"

Baba akajifuta mdomo. Akagusa katikati ya kifua, chini kidogo.

"Hapa," akasema. "Yanakaa hapa. Nikilala yananirudia, ndiyo maana foronya." Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye, akasema, "Nilimeza msumari."

Alieleza yote pale pale. Siku fulani, muda mrefu uliopita, Sponji aliangusha fremu nyuma yake, akashtuka na konzi ya misumari mdomoni, akahisi kitu kimeshuka. Hakuwa na uhakika. Lakini chakula kilipoanza kukwama akasema ndio huo, umesimama njiani. Angemwambia nani? Sisi aliotucheka na kutugawia kopo? Na tena alikuwa na hakika kwamba akienda hospitali watampasua kifua wautafute, na hatatoka hai. Akaona bora akonde taratibu akiwa nyumbani kwake.

Mama akakaa juu ya sanduku. Hakulia. Alisema, "Mimi naitwa nani katika nyumba hii?"

Kesho yake sanduku lile lile lilikwenda hospitali, limejaa mashati na kanzu za kulalia za baba.

Daktari alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye haraka. Alimsimamisha baba mbele ya mashine ya picha, akampa kikombe cha dawa nyeupe nzito kama chokaa, akamwambia ameze huku wanapiga picha. Baada ya hapo alituita sote watatu akatuonyesha. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Dawa nyeupe ilikuwa imejaa kifuani, imetanuka kama mfuko, na chini kabisa imekuwa uzi mwembamba tu.

"Msumari uko wapi?" baba akauliza.

"Hakuna msumari, mzee. Kama uliumeza, ulishatoka njia yake zamani, wala haukuaga."

Akatueleza. Mrija huu unaitwa umio. Ukimeza, misuli yake inasukuma chakula chini, na mlangoni mwa tumbo kuna pete ya msuli inayolegea kukipitisha, kisha inabana. Wagonjwa wengi wanaomjia, pete hiyo kwao imelegea mno. Tindikali ya tumbo inapanda, inachoma, na hicho ndicho kiungulia. Wengine umio umepata kovu ukawa mwembamba. Kwa baba ilikuwa kinyume: pete imegoma kulegea, na misuli ya juu imechoka kusukuma. Chakula kinakaa njiani kinangoja. Mtu anakonda. Akilala chali, kinarudi mpaka kwenye mto.

Mama alimtazama baba aliposikia neno mto. Baba akainamisha kichwa.

"Ila," daktari akasema, na hapo ucheshi ukapungua, "lazima kwanza niingize kamera nitazame ndani. Wakati mwingine uvimbe mbaya hujifanya ugonjwa huu."

Siku za kungoja jibu sitaki kuzikumbuka sana. Nakumbuka tu mama alivyokuwa anapika supu, anachuja, anachuja tena, anaipeleka ikiwa moto, na baba akinywa mama alimtazama koo. Hakuna aliyezungumzia Mama Maua. Jibu likaja: hakuna uvimbe. Sasa atawekewa mpira mdogo kwa ndani, upulizwe kwenye ile pete mpaka iachie. Mara chache umio huweza kuchanika, daktari akasema, na ikitokea hivyo watalazimika kumpasua. Kile kile alichokikimbia.

Asubuhi ya kazi hiyo alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, ukumbini, anangoja kuitwa. Mama amesimama pembeni, ameshika chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa miguuni.

"Niliogopa kupasuliwa," baba akamwambia, kama mtu anayeendeleza mazungumzo.

"Ukaona bora mimi nipasuke."

"Sikujua kama unawaza hivyo. Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke, nikupikie?" Sauti ikapanda, muuguzi akageuka kututazama. "Unajua kilichoniuma? Angekuwa mwanamke, ningemfuata kwake nikampa vidonge vyake. Msumari ningeuendea wapi? Umenifanya nigombane na msumari! Tena ambao haupo!"

Baba akaanza kucheka. Kucheka kwa mtu aliyelala, kunakotikisa kitanda. Mama akamwambia nyamaza, utajichania huko ndani, halafu naye akacheka, na akicheka machozi yakamshuka, na wakaja kumchukua hivyo hivyo, wote wawili wamelowa uso. Mlango ulipofungwa mama alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma, hakuuachia mpaka daktari alipotoka akiwa anavua glavu na kusema umio ni mzima na pete imeachia.

Baba alirudi karakana. Misumari aliihamishia kwenye kopo, akilalamika kwamba inamchelewesha, na Sponji alivyofurahi akamwimbia wimbo mzima. Mama Maua akachukua kochi lake. Mama mwenyewe alisimamia linapopakiwa, akamwambia ni zuri, Mungu alibariki. Zaidi ya hapo hakuomba radhi, na kwa mama hiyo ilikuwa nyingi.

Lakini baba hakupata kula tena kama zamani. Ugonjwa ule, daktari alisema, hautibiki ukaisha; kinachowezekana ni kufungua njia tu, na misuli iliyochoka haiamki. Kula ukiwa wima. Matonge madogo. Tafuna mpaka yawe uji. Maji ya vuguvugu. Usilale baada ya kula. Miaka ikapita, pete ikabana tena, akarudi kupulizwa mpira, akaendelea. Mlo wake ulichukua muda mrefu kupita kiasi. Sisi wengine tulimaliza, tukanawa, tukaondoka, yeye bado yuko nusu sahani.

Na mama akawa anakaa naye. Hiki ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo, nimezunguka tu. Mama hakuwa mtu wa kukaa mezani. Maisha yangu yote ya utoto nilimwona akila amesimama jikoni, sufuria mkono mmoja. Sasa alimaliza sahani yake na hakuinuka. Alikaa mbele ya baba, mikono mezani, muda wote huo, asubuhi, mchana na jioni. Hakumharakisha. Walizungumza. Mimi nikiwa chumbani niliwasikia: bei ya kitambaa, jirani aliyehama, nani alikuwa mrembo siku ya harusi yao kati yao wawili, ubishi wa vitu vilivyotokea kabla sijazaliwa. Kukawa na kimya baba akitafuna, halafu mama akaendelea alipoachia. Kwa mahesabu yangu waliongea zaidi kwenye ile miaka ya mwisho kuliko miaka yote iliyotangulia. Nilipoolewa nikahama, kitu nilichokikosa usiku na mchana ni hizo sauti mbili zisizo na haraka.

Baba alikufa kwa moyo, mtu mzima, usingizini, kwenye kitanda chake na mke wake. Umio haukuhusika. Karakana siku hizi wanauza simu, mlango wa bati umeng'olewa, na nikipita pale navuka upande wa pili wa barabara.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka nilibaki na mama. Nikapika, nikapakua, tukakaa mezani wawili. Mama alikula, kwa shida lakini alikula, akamaliza chote. Nikanawa, nikaanza kukusanya sahani, nikamnyooshea mkono nimwinue tukakae nje apate hewa kidogo. Hakuinuka. Alikuwa ameweka mikono mezani, anatazama kiti cha mbele yake.

"Mama, si umeshamaliza?"

"Mimi nimemaliza," akasema. "Baba yako bado."

Nikaweka sahani chini, nikakaa.